Mchakamchaka bila fimbo

Katika shule za msingi ambazo bado zinakimbia mchakamchaka, siku huanza kabla jua halijakausha umande kwenye majani ya migomba. Watoto hujipanga wawiliwawili, kiranja mwenye sauti anaanzisha wimbo, wenzake wanaitikia, na nyayo zinaupiga udongo mwekundu kwa pigo moja. Mbio zenyewe si za kushindana. Baada ya dakika kumi hivi pumzi za kundi zima zimeingia katika mwendo mmoja, na hata yule aliyeamka amekunja uso anajikuta anaitikia. Kisha wanarudi getini, na hapo hali hubadilika. Mwalimu wa zamu amesimama na fimbo. Waliochelewa wametengwa pembeni: hawa wamepigishwa magoti kwenye changarawe, wale wanaruka kichurachura kutoka mlingoti wa bendera hadi kwenye tangi la maji, mikono imeshika masikio. Uwanja ni uleule, watoto ni walewale, na haijapita nusu saa.

Anayezitazama picha hizo mbili pamoja ataona kwamba shule zetu zimejua siku zote kuwa njia fupi ya kumfikia mtoto hupita mwilini mwake. Tumeitumia njia hiyo kwa furaha asubuhi, kisha tukaitumia kwa kudhalilisha dakika chache baadaye, na hatukuona mgongano wowote. Karagwe na Kyerwa ni wilaya mbili za mkoa wa Kagera ambazo watoto wake wamerithi mengi mazito, na kuna mazungumzo yanayoanza kusikika, katika elimu na katika ustawi wa jamii, kuhusu namna shule inavyoweza kuwa mahali pa kumtuliza mtoto aliyeumizwa. Mazungumzo hayo ni mazuri, ila yana hatari ya kugeuka orodha ya mipira, jezi na semina. Hoja yangu ni nyembamba kuliko hapo: mwendo wa mwili, yaani mchezo, ngoma, mbio na kuruka kamba, unaweza kumsaidia sana mtoto mwenye kiwewe, lakini pale tu mtu mzima aliyesimama pembeni ya uwanja anapokuwa si wa kuogopwa. Fimbo ikibaki mkononi mwake, tunachokiita mchezo ni kazi nyingine ya kufanywa kwa hofu.

Tuanze na hayo mazito. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipomegwa na kuwa wilaya mwaka 2012, kwa hiyo machungu yao ni mamoja. Mto Kagera ni mpaka wao na Rwanda, na kule Murongo ni mpaka na Uganda; kilichotokea ng'ambo hakikukaa ng'ambo. Vita ya Tanzania na Uganda ya 1978 na 1979 ilianzia katika mkoa huu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walitoka Kagera, mwaka 1983, na kwa miaka ishirini iliyofuata bibi na babu walizika watoto wao na kubaki na wajukuu. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia kwa wingi. Wilaya ya Ngara ndiyo iliyoandikwa sana magazetini, lakini Karagwe nayo ilikuwa na kambi zake, Kagenyi na Omukariro zikiwemo, hadi kurejeshwa kwa Desemba 1996. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga, iliyowaondoa wahamiaji wasio na vibali, na katika vijiji ambako watu wameoana kuvuka mto kwa vizazi, zipo kaya zilizojikuta mume upande huu, mke upande ule. Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilibomoa nyumba na madarasa mkoani. Usiku wa Septemba 2020 moto uliwaka katika bweni la Shule ya Msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa, wakafariki watoto kumi. Na mwaka 2024, katika wilaya ya Muleba mkoani humuhumu, mtoto wa miaka miwili na nusu mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao Mei. Mwili wake ukapatikana Juni.

Orodha hiyo haisemi kwamba kila mtoto wa Kayanga au Nkwenda ni mgonjwa. Wengi wanakua vizuri, wanacheka, wanachunga mbuzi, wanafaulu. Inasema jambo jingine: yatima wa miaka ya 1990 ndio wazazi wa leo, na wengine ndio walimu wa leo. Hofu ambayo haikupata mahali pa kushushwa haiishi kwa sababu ya kupita miaka. Huhamia kwenye mkono mwepesi wa kupiga, kwenye pombe ya jioni, kwenye ukimya wa baba mezani. Halafu kuna yale ya kila siku ambayo hayapati jina la tukio: mnyauko wa migomba uliomaliza shamba la familia, mama aliyekwenda kutafuta kazi ng'ambo asirudi, mtoto wa miaka tisa anayebeba mdogo wake mgongoni mara nyingi kuliko anavyobeba daftari. Habari za moto wa bweni huishia kwenye idadi ya waliofariki. Aliyeamka katika moshi akatoka mzima naye ana asubuhi inayofuata, na asubuhi ile ina kengele, mstari na hesabu za kuzidisha.

Nini hutokea katika mwili wa mtoto huyo? Ubongo una sehemu yake ya ulinzi, ambayo kazi yake ni kupiga mbiu kabla fikra hazijaamka. Ikipiga mbiu, adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, tumbo linasimamisha kazi yake. Hiyo ni neema ya Mungu kwa mtu aliyekutana na nyoka. Kwa mtoto aliyeishi muda mrefu na nyoka ndani ya nyumba, mbiu husahau kunyamaza. Mlango ukibamizwa anaruka. Akiguswa bega kwa nyuma anageuka na ngumi. Au kinyume chake: anaganda, macho yako kwenye ubao lakini hayuko. Mwaka 1998 madaktari wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, walichapisha utafiti wao uliowauliza maelfu ya watu wazima juu ya misukosuko ya utotoni, wakaonyesha kwamba kadiri misukosuko ilivyokuwa mingi, ndivyo magonjwa ya ukubwani yalivyoongezeka, hadi ya moyo na mapafu. Mwili ulikuwa umeweka kumbukumbu. Katika ofisi zetu za walimu watoto hawa wana majina tayari: mkorofi, mzito, mtoro, amezubaa. Majina hayo yanaeleza kinachoonekana, na hayaulizi kilichomkuta mtoto. Swali linalobadilisha kila kitu katika malezi yanayojali kiwewe ni dogo mno: badala ya kuuliza "una nini wewe?", mwalimu anauliza moyoni, "umepatwa na nini?"

Hapo ndipo mwendo unapoingia. Mtoto aliye katika mbiu hawezi kutulizwa kwa mawaidha, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayopokea mawaidha imefungwa kwa muda. Lakini mapigo ya mguu, kupiga makofi kwa zamu, kuimba kwa kuitikiana na kutoa pumzi ndefu, yote hayo huzungumza na ile sehemu ya chini isiyojua maneno. Kila mama aliyewahi kumbembeleza mtoto mgongoni analijua jambo hili bila kusoma popote. Wataalamu wa kiwewe kama Bruce Perry na Bessel van der Kolk wamejenga kazi yao ya miaka mingi juu ya wazo hilohilo, kwamba mwili hutangulia na maneno hufuata. Na kwa wanaotaka sababu ya afya ya kawaida tu, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Mtoto wa Karagwe anayetembea kilomita kadhaa kwenda shule huenda anazipata miguuni, ila kutembea peke yake na njaa, akiwaza fimbo ya wachelewaji, si mazoezi ninayoyasema hapa.

Sasa, mwandishi anayetetea michezo ana wajibu wa kutaja utafiti unaomsumbua. Mwaka 2014 Justin Richards na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda, mji uliotoka katika miaka mingi ya vita. Vijana waliingizwa katika ligi ya mpira wa miguu ya wiki 11, ikiwa na ujumbe wa amani ndani yake. Ungetarajia wapone. Wavulana waliocheza walionyesha dalili zaidi za sonona na wasiwasi kuliko wenzao waliolinganishwa nao. Mashabiki wa michezo hawapendi kuutaja utafiti huu. Mimi naona ni zawadi. Unatukumbusha kwamba ligi ni ushindani, ushindani una walioshindwa, na mtoto ambaye ndani yake anaamini hafai kitu hahitaji ubao wa matokeo wa kumthibitishia. Mpira si dawa kwa sababu tu ni wa duara.

Uweke utafiti huo kando ya mwingine wa nchi ileile. Katika wilaya ya Luwero, shirika la Raising Voices lilipeleka mpango wa kubadilisha mwenendo wa shule nzima, kuanzia walimu na wanafunzi hadi wazazi, na watafiti wakiongozwa na Karen Devries wakaupima katika shule za msingi 42. Matokeo yalitoka mwaka 2015: baada ya miezi 18, hatari ya mtoto kupigwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyopita ilikuwa imepungua kwa asilimia 42, na watoto walisema wanajisikia salama zaidi shuleni. Alama za mitihani hazikushuka. Hazikupanda pia, na dalili za matatizo ya afya ya akili hazikuonyesha tofauti. Nikizisoma Gulu na Luwero pamoja, naona nusu mbili za kitu kimoja. Gulu walipata mchezo bila uhakika kwamba kila mchezaji yuko salama mbele ya wenzake na mbele ya matokeo. Luwero walipata usalama, jambo kubwa, lakini usalama pekee haukufika kwenye kidonda. Hakuna aliyeniruhusu kuchukua vipande vya tafiti mbili na kuvishona kama kanzu, na msomaji ana haki ya kuwa na shaka. Hata hivyo ushonaji huo ndio unaoeleza vizuri zaidi kwa nini miradi mingi ya michezo huacha picha nzuri na watoto walewale.

Kwa hiyo ni lazima kuzungumza juu ya fimbo, ingawa ndilo jambo linalofanya vikao vya wazazi vipandishe sauti. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 haziruhusu kila mwalimu kutembea na fimbo. Zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu. Hali halisi iko mbali na hapo. Utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na ripoti yake kutolewa 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya watoto wa nchi hii, wa kike na wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na takriban nusu walisema walifanyiwa hivyo na walimu. Hapa Kagera hatuhitaji takwimu kukumbuka. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano katika Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kupigwa, na Machi 2019 Mahakama Kuu ikamhukumu mwalimu kunyongwa. Tulilaani, tukazika, tukarudi darasani.

Lakini kifo ni tukio la nadra, na ukikitumia kama hoja pekee, mwalimu wa kawaida atajibu kwa haki kwamba yeye hajaua mtu. Madhara ninayoyazungumzia ni ya kila siku na hayatoi damu. Mtoto ambaye mwili wake tayari uko macho akimwona mwalimu ameshika fimbo, anaacha kusikiliza somo na kuanza kusoma uso wa mwalimu. Anakuwa hodari wa nyuso. Hesabu zinampita. Na hapa kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha: adhabu zetu nyingi mbadala wa fimbo ni za mwendo. Kuruka kichurachura, kukimbia raundi kumi, kusimama juani mikono juu, kutembea kwa magoti. Tumeondoa kiboko kwa mkono mmoja na kuuchafua mwili kwa mkono mwingine, maana mtoto aliyerushwa kichurachura mbele ya darasa zima Jumatatu hatauamini mchezo wa kuruka Jumatano. Ukitaka kuua mapenzi ya mtoto kwa kitabu, mpe kunakili kurasa ishirini kama adhabu. Kwa mwili ni vivyo hivyo.

Pingamizi la kwanza linajulikana: sisi wenyewe tulichapwa na tumekuwa watu. Samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo naiheshimu, ila husahauliwa kwamba inasema kumkunja, na anayekunja samaki mbichi hatumii nguvu. Akitumia nguvu anampasua. Ama kuhusu kuwa watu, wapo waliochapwa wakawa watu, wapo waliochapwa wakaacha shule darasa la nne, na hawa wa pili hawaalikwi kwenye vikao kutoa ushuhuda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wanafunzi 409 wa shule ya msingi hapa nchini ulikuta kwamba wanaopigwa zaidi ndio wenye ugomvi na vurugu zaidi. Utasema labda ni kinyume, wakorofi ndio hupigwa. Huenda ikawa ni yote mawili. Ila hata kwa tafsiri hiyo ya pili fimbo imeshindwa kazi, kwa sababu imepiga na ukorofi umebaki.

Pingamizi la pili lina uzito kuliko la kwanza. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 madarasa yamejaa, na mwalimu mwenye watoto tisini, mbao za madawati zilizovunjika na maandalio ya somo ya kuandika usiku, anaambiwa sasa awe pia mtuliza nyoyo. Ana haki ya kukasirika. Na ukimtazama kwa karibu yeye mwenyewe mwili wake umekaza: amepangwa mbali na familia, ana mkopo unaomkausha damu, huenda alizika wazazi akiwa na umri wa wanafunzi wake. Mwalimu asiyetulia hawezi kumtuliza mtu. Mabula Nkuba wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam na wenzake walianzia hapohapo katika mafunzo waliyoyajaribu kwa walimu wa sekondari za serikali na kuyachapisha mwaka 2018. Mafunzo hayakuzidi wiki moja. Walimu walifundishwa njia za kushika darasa bila kupiga, na pia waliulizwa wakumbuke walivyojisikia walipochapwa wao. Ukatili wa walimu ulipungua zaidi katika shule zile kuliko katika shule zilizolinganishwa nazo. Juu ya wingi wa watoto, nitasema hivi: mawaidha ya mtu mmoja mmoja hayawezekani kwa watoto tisini, lakini pigo la pamoja linawezekana. Wingi unaoshinda unasihi ndio unaonogesha mchakamchaka.

Wapo pia wasemao kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Hilo halina msingi, na Kagera ingepaswa kuwa ya mwisho kulisema. Kule Nshamba, wilaya ya Muleba, mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianzishwa mpango ulioitwa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kutuliza na kuliwaza. Fedha na baadhi ya watu walitoka Uswisi, tusifiche, lakini swali lilitoka vijijini: yatima wamepewa sare na unga, mbona bado wanalia? Walimu walifundishwa kumtambua mtoto aliyefiwa ndani ya darasa, na vijana yatima wakaunda umoja wao, Vijana Simama Imara, wakasaidiana kulima, kutembeleana na kuzika. Uzoefu wa Nshamba ukawa miongoni mwa chemchemi za kazi ya kuwasaidia kisaikolojia watoto waliofiwa katika nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika. Na kabla ya Humuliza kulikuwa na matanga. Watu wanakaa pamoja, wanalala chini pamoja, wanaimba, wanapika kwenye sufuria moja, na mfiwa haachwi peke yake. Mwili unaombolezewa na miili. Mtoto ndiye mara nyingi hupelekwa kwa jirani "asione", akarudi na kukuta watu wameondoka na maswali yamebaki.

Basi kipindi cha namna hiyo kinafananaje? Hakihitaji zaidi ya mpira wa majani makavu ya migomba uliofungwa kwa kamba za mgomba, na watoto wa hapa huusuka vizuri kuliko kiwanda. Kinaanza kila siku saa ileile na kwa namna ileile, kwa sababu mtoto wa misukosuko hutulizwa na kujua kinachofuata. Mwalimu anasimama mahali anapoonekana, si nyuma ya migongo. Anaanza na kinachopandisha damu: rede, kombolela, kuruka kamba, ngoma yenye kukanyaga. Kisha, na hapa ndipo wengi hukosea, hapigi filimbi na kuwaingiza darasani mioyo ikidunda. Anawashusha polepole, duara, makofi yanayopungua sauti, pumzi ndefu ya kutoka, ukimya kidogo. Hakuna anayefumbwa macho, hakuna anayeshikwa bila kupenda. Asiyetaka kuingia anakaa ukingoni na kupewa kazi ya kuhesabu au kupiga ngoma, na hachekwi. Siku ya tatu au ya thelathini ataingia mwenyewe. Mwalimu anatazama nani ameganda, nani anacheza kwa hasira, nani hachezi na mtu, na anayakumbuka bila kuyatangaza.

Nafasi ya kipindi hicho ipo katika ratiba. Sanaa na michezo ni somo katika mtaala wa msingi ulioanza kutumika Januari 2024, na kwa muda mrefu kabla yake kulikuwa na Haiba na Michezo. Adui wake ni mtihani wa darasa la saba. Ikifika miezi ya mwisho, kipindi cha michezo hugeuka cha marudio ya hisabati, na hakuna mkaguzi anayeshtuka. Taifa zima lilishafanya kosa hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000, michezo ya shule iliposimamishwa kwa hoja kwamba inaharibu taaluma, kisha ikarejeshwa. Tafiti za nchi nyingi zimelinganisha shule zinazotoa muda wa mazoezi na zile zinazoubana, na jibu linalojirudia ni kwamba ufaulu haushuki, huku usikivu darasani mara nyingi ukiwa bora. Upande mwingine kuna UMITASHUMTA. Ni mashindano mazuri ya shule za msingi, yametoa wachezaji, lakini yamefanya shule nyingi zidhani zina michezo kwa sababu zina watoto kumi na mmoja wenye mbio. Mamia waliobaki hushangilia. Miongoni mwao ni msichana aliyeanza hedhi na ana sketi moja, mtoto mwenye ulemavu wa mguu, na mtoto mwenye ualbino anayehitaji kofia, mikono mirefu na uwanja kabla jua halijakali. Kwa huyu wa mwisho asubuhi ya mchakamchaka ndiyo saa bora kabisa, iwapo tu wenzake na mwalimu watahakikisha hatembei njiani peke yake.

Kuna mahali ambapo mchezo unakoma, na mwalimu anapaswa kujua mpaka huo. Mtoto anayeingiliwa na ndugu nyumbani hatibiwi kwa rede. Utafiti ule wa Luwero ulilazimika kuwapeleka watoto 434 kwenye huduma za ulinzi kutokana na yale tu waliyoyaeleza walipoulizwa. Ukimfanya mtoto ajisikie salama, atasema, na akisema lazima pawepo mtu wa kupokea. Maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri ni wachache na vijiji ni vingi, na kutoka Murongo hadi hospitali kubwa ni safari ya nauli. Mpango wa Shule Salama wa serikali na madawati ya ulinzi wa watoto shuleni vimeandikwa vizuri katika nyaraka. Uzito wake utaonekana siku ambapo mwalimu wa unasihi atakuwa na vipindi vichache kuliko wenzake, chumba chenye mlango, na namba ya simu inayopokelewa. Kwa sasa ipo 116, huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hupigwa bila malipo, na kuiandika kwenye ukuta wa kila darasa kunahitaji kipande kimoja cha chaki.

Halmashauri za Karagwe na Kyerwa haziwezi kufuta kanuni za mwaka 2002. Hilo ni la Wizara na la Bunge. Zinaweza kuamua, kwa barua moja ya ofisa elimu, kwamba hakuna mtoto atakayeadhibiwa kwa kuruka, kukimbia wala kupiga magoti, na kwamba anayechelewa ataingia kwenye duara la asubuhi kama wenzake na kuulizwa baadaye, kando, kilichomchelewesha. Mzazi unayesoma makala hii, kikao cha shule kitakapoitishwa, uliza mambo mawili kabla ya mjadala wa michango: kitabu cha adhabu kiko wapi, na kipindi cha michezo ni saa ngapi.